Radio ya kwanza Kindu, radio ya ngapi Lokandu? Historia ya masikio yetu

Mwaka huu mama mmoja aliyekimbia vita Kivu alikaa hapa Lokandu siku tisa bila kujua kama mtoto wake yuko hai. Walipotezana njiani. Mtoto, kijana wa miaka 11, alikuwa amefika Kindu na kupokelewa na familia moja ya huko. Familia ile ilifanya kazi yake vizuri: ilikwenda radio, ikalipia tangazo, na tangazo likasomwa asubuhi na jioni kwa siku tatu, kwenye kituo ambacho ukiuliza Kindu, karibu kila mtu atakuambia ndicho cha kwanza mjini.

Mama hakusikia. Si kwamba alikosa radio. Alikuwa nayo, ndogo, antena imefungwa na waya, na kila jioni aliifungua. Lakini alikuwa akisikiliza masafa mafupi, idhaa za Kiswahili za ng'ambo, sababu huko ndiko alikotegemea kusikia habari za Bukavu. Habari ya mtoto ililetwa na muuza chumvi aliyeshuka na mtumbwi kutoka Kindu.

Nilipomweleza mwenzangu mmoja wa kazi aliye Kindu, alinijibu: "Lakini ndugu, sisi ndio tunaosikilizwa kuliko wote." Hakusema uongo. Ila alisahau kusema ni wapi.

Kutoka Kindu mpaka Lokandu, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 50. Mto Lualaba ni uleule, jimbo ni lilelile. Hata hivyo, kwa mambo ya radio, hizi ni nchi mbili. Na ukitaka kujua sababu, usianze na vipindi wala na sauti ya mtangazaji. Anza na namna radio ilivyoingia katika nchi hii.

Radio ilianza Kongo mwaka 1937, pale Wajesuiti wa Léopoldville walipofungua Radio Léo. Mwaka 1943, wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, mtambo mkubwa wa masafa mafupi ulianza kazi Léopoldville. Masafa mafupi yana tabia yake: wimbi hupanda angani, hugonga tabaka la juu na kurudi chini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Kwa hiyo mtu wa kijiji cha msituni aliweza kumsikia mtu wa Léopoldville au wa Ulaya, lakini hakuna aliyemsemesha kutoka mji wa jirani. Masikio ya vijijini yalizoea mambo ya mbali kabla ya kuzoea ya karibu. Hilo tulishike.

Radio zenyewe zilikuwa chache: kwa mkubwa wa serikali, kwa mapadri, kwa mfanyabiashara. Lokandu palikuwa pia na kambi ya askari. Wazee wanajua kwamba kabla ya kuitwa Lokandu mahali hapa paliitwa Riba-Riba, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na kwamba baada yao walikuja Wabelgiji na askari wao. Wafanyabiashara walituachia Kiswahili. Jeshi lilikuja na Lingala. Mpaka leo mtu wa Lokandu akisikia Lingala kwenye radio hashituki, na hilo nalo lina nafasi katika hesabu ya wasikilizaji. Nitalirudia.

Wakati wa Mobutu, swali la nani anasikilizwa zaidi halikuwa na maana. Serikali peke yake ndiyo ilikuwa na haki ya kutangaza, na kuanzia 1981 kazi hiyo ilishikwa na OZRT. Ukiwa na radio moja nchini, hiyo ndiyo ya kwanza na hiyo ndiyo ya mwisho. Lakini jioni ilipofika, watu waligeuza kitufe. BBC ilikuwa na Kiswahili tangu 1957, Sauti ya Amerika tangu 1962, Deutsche Welle tangu 1963. Baba zetu walijua saa za matangazo hayo kama wanavyojua saa za sala. Tayari palikuwa na mashindano, basi, ila mshindani alikuwa ng'ambo na hakuna aliyehesabu.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Sheria ya uhuru wa habari ilikuja tarehe 22 mwezi wa sita 1996. Miezi michache baadaye vita vya AFDL vilianza Kivu, na mwezi wa tatu 1997 Kindu ilikuwa imeshaanguka. Mwezi wa kumi 1998 ikaanguka tena, safari hii mikononi mwa RCD. Kwa hiyo sisi wa Maniema tulipewa uhuru wa kufungua radio na vita karibu siku moja. Kule Bukavu, Radio Maendeleo, iliyoundwa 1993 na mashirika ya wananchi, ilifungwa na RCD mwaka 1999. Mtu aliyetaka habari alirudi kwenye masafa mafupi.

Halafu, tarehe 25 mwezi wa pili 2002, Radio Okapi ikaanza, kazi ya MONUC pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Ilisema Kifaransa na lugha nne za taifa, na ilisikika pande zote mbili za vita, jambo ambalo hakuna radio ya Kongo iliyolifanya wakati ule. Kindu ilipata mtambo wake. Ni hapo masikio ya Kindu yalipobadilika. Watu walianza kutafuta FM, sauti safi isiyokoroma, na zaidi ya hapo walianza kusikia jina la mtaa wao likitajwa. Baada ya hapo radio nyingine zikafuata, hasa tangu uchaguzi wa 2006: za makanisa, za mashirika, za wanasiasa. Zile za wanasiasa tunazijua wote. Zinazaliwa mwaka wa uchaguzi, zinaimba jina la mwenyewe, na matokeo yakishatoka mafuta ya jenereta yanakwisha.

Kwa hiyo Kindu leo ni soko la mashindano. Vituo vinagombania asubuhi, vinagombania mpira, vinagombania matangazo ya vifo, ambayo ndiyo hasa yanayofanya mama wa nyumbani asizime radio. Kituo kikishinda pale, kimeshinda kwa haki.

Lakini FM haipandi angani kama masafa mafupi. Inakwenda karibu sawa na jicho linavyoona, na dunia ni mviringo. Fanya hesabu: mnara wa meta 30, kwenye ardhi iliyo sawa, unafikisha sauti nzuri kama kilomita 28 kwa mtu aliyeshika radio kimo cha meta mbili. Ili ufike kilomita 50 unataka mnara wa meta zaidi ya 100. Ongeza msitu, ongeza umeme wa jenereta unaowashwa saa chache asubuhi na saa chache jioni. Kuongeza wati kunasaidia kidogo. Kuongeza urefu kunasaidia zaidi. Goma na Bukavu wana bahati ya milima: weka antena juu ya mlima na tayari una mnara ambao hukuujenga. Bonde la Lualaba halina zawadi hiyo. Basi kituo cha kwanza cha Kindu kinaweza kufika kwetu kama mnong'ono wa usiku, au kisifike kabisa, na mtangazaji wake hana kosa lolote.

Jambo la pili ni lugha. Kasongo, kusini, ni nyumba ya zamani ya Kiswahili. Radio ya pale ikisema Kiswahili tu haipotezi mtu. Ukishuka mto mpaka Kisangani, Kiswahili na Lingala vinakutana sokoni, na kituo kinachochagua kimoja kinawaachia wapinzani nusu ya meza. Lokandu iko katikati ya hao wawili, na kambi yake, na Wagenya wake wa mtoni ambao wana lugha yao. Sasa wameongezeka waliokimbia vita, na Kiswahili chao cha Kivu, na njaa ya habari za kwao. Mtu wa Bukavu aliyelala Lokandu hana haja ya kujua meya wa Kindu amezindua nini. Wakenya walijifunza jambo hili mapema: Kameme FM ilipoanza mwaka 2000 kwa Kikikuyu, ilipata nguvu kubwa Nairobi na mkoa wa Kati, wakati pwani ya ziwa, kwa Wajaluo, haikuwa na la kufanya. Kituo kilekile, nchi ileile.

La tatu ni mpinzani ambaye hatumtaji: kadi ya muziki. Kijana wa Lokandu anaijaza nyimbo kwa fundi wa simu, anaitia ndani ya kisanduku cha sauti, na radio imekufa bila kupigana. Kindu pia wanazo. Lakini Kindu radio ina nguvu ya kujibu, inapiga wimbo mpya na kusalimia watu kwa majina. Hapa, mahali ambapo sauti inakoroma, kadi inashinda bila jasho. Na mawe ya radio yanagharimu pesa. Mtu hanunui mawe ili asikilize upepo.

Sasa, nani anahesabu? Marekani wamefanya hesabu hii tangu zamani, mji kwa mji. Kampuni ya Arbitron iliwapa watu daftari za kuandika walichosikiliza, baadaye ikawapa kifaa cha kuvaa kinachosikia chenyewe, na mwaka 2013 Nielsen ikainunua. Huko hakuna anayeshangaa kuona mtindo mmoja wa radio ukiwa wa kwanza mji huu na wa kumi mji ule, sababu kila mji una watu wake, lugha zake na idadi yake ya washindani. Kwetu uchunguzi, ukifanyika, mara nyingi ni wa miji mikubwa, na mara nyingi ni kwa simu. Anayepigiwa ni mwenye simu iliyo na chaji mahali penye mtandao. Bibi asiyeshika simu ya mume wake hayumo. Familia iliyolala chini ya turubai haimo.

Kuna tatizo jingine nililoliona mwenyewe nikiuliza watu gatini. Ukimwuliza mtu, "Unasikiliza kituo gani?" atakutajia jina kubwa, kwa heshima. Mwulize, "Jana jioni ulisikia nini?" ndipo ukweli unatoka: alisikia mpira kwa jirani, au alisikia DW, au hakusikia kitu.

Haya yangekuwa mambo ya sisi waandishi tu kama pesa zisingeyafuata. Shirika linapotaka kutangaza chanjo, au siku ya kuandikisha waliokimbia, linauliza radio gani ni ya kwanza katika jimbo, linapewa jina la radio ya kwanza Kindu, linalipa. Nimeona mwenyewe orodha ikifungwa kabla ya watu wa hapa kujua imefunguliwa. Waliolipia tangazo walikuwa na risiti zote, zimepangwa vizuri.

Na ile njia ya mbali inapungua pia. Mwezi wa tatu 2025 serikali ya Marekani iliinyamazisha Sauti ya Amerika, na Kiswahili chake pamoja nayo, wiki chache tu baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23. Kwa mji wenye FM kumi, hiyo ni sauti moja iliyopungua. Kwa mtu wa masafa mafupi ilikuwa moja kati ya chache.

Kwa sasa tunafanya hivi: majina ya watoto na watu waliopotezana yanayosomwa Kindu ninayapata kwa simu mtandao unapokuwepo, nayaandika kwenye daftari, na siku ya soko yanasomwa gatini kwa megafoni, kwa Kiswahili kisha Lingala. Wagenya wanaoshuka mto wanapewa nakala. Wenye moto na kinga nao wanachukua. Si radio, lakini inafika.

Mama yule alipanda mto mwisho wa wiki ileile. Radio yake alimwachia mwenye nyumba aliyempokea, kama shukrani. Nilipita pale juzi nikaikuta inakoroma dirishani, kitufe bado kiko kwenye masafa mafupi.