Tumbo linalosumbua na maisha ya chuo: mwanafunzi ale nini?

Kuna maradhi ambayo mwanafunzi hayasemi. Malaria ikimshika atasema, jino likimuuma atasema, lakini tumbo linalomkimbiza chooni mara tatu kabla ya kipindi cha asubuhi atalificha hata kwa mwenzake wa chumba kimoja. Wengi huamua kuacha kula ili wasiaibike darasani. Mwili unakonda, kichwa hakishiki masomo, na tumbo lenyewe halitulii. Ninachotaka kusema leo ni kwamba njaa si dawa ya tumbo hili, wala halihitaji vyakula vya bei ghali. Linahitaji saa za kula na kujua ni chakula kipi hasa kinachokuchokoza wewe.

Mimi si daktari. Nimeishi na tumbo la namna hii tangu nikisomea stashahada, na leo nina zaidi ya miaka arobaini. Ninayoandika hapa ni yale niliyoelezwa na matabibu, niliyosoma na niliyoyajaribu jikoni kwangu.

Ni maradhi gani haya?

Madaktari huyaita kwa kifupi IBS. Tumbo huuma, hujaa gesi na kuvimba. Wengine huendesha, wengine hufunga choo, na wako wanaopata yote mawili kwa zamu. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016, viitwavyo Roma IV, vinasema maumivu yawe yamekuja angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na yaambatane na kwenda haja kubwa au na mabadiliko ya choo. Dalili nazo ziwe zimeanza miezi 6 nyuma au zaidi.

Utumbo wenyewe hauna kidonda. Shida iko katika mawasiliano kati ya utumbo na ubongo, na mishipa ya fahamu ya tumboni huhisi maumivu upesi kuliko kawaida. Ndiyo maana wiki ya mitihani tumbo huchachamaa. Si uchawi, wala si deko. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na wengi wao huona dalili zikizidi siku za hedhi.

Pima kwanza

Hapa kwetu tumbo likiuma mtu huambiwa ana amiba au taifodi, akanunua vidonge dukani, na mwezi ujao akanunua tena. Amiba na taifodi zipo kweli, lakini zinapimwa. Nenda hospitali ukapimwe choo na damu kabla ya kumeza dawa. Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, ukipata homa, ukiishiwa damu, au ukiamshwa usiku na kuharisha, hiyo si IBS ya kujitibu kwa chakula. Muone daktari bila kuchelewa, hasa ikiwa katika ukoo wenu yuko aliyepata saratani ya utumbo.

Kwa nini chakula hiki na si kile?

Vipo vyakula vyenye sukari za aina ambayo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha zikatoa gesi, na baadhi yake huvuta maji. Kwa mtu mwingine hayo hupita salama. Kwa mwenye IBS ni maumivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio waliotengeneza lishe ya kupunguza sukari hizo, na hospitali nyingi duniani huitumia.

Kwenye sahani zetu za Pwani, wachokozi wakubwa ni hawa: kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano (mahamri, chapati, mkate), maharagwe, kunde na mbaazi, maziwa, embe, tikiti maji na tende. Ukitazama utaona kwamba mahamri kwa mbaazi na chai ya maziwa ni wachokozi watatu kwa staftahi moja.

Habari njema ni kwamba vingi vya kawaida havina shida hiyo: wali, ugali wa mahindi, viazi, mayai, samaki, kuku, sukuma wiki, spinachi, karoti, tango, chungwa, papai na nanasi. Ndizi, chagua ambayo haijaiva sana. Ugali, sukuma na samaki wa kukaanga kwa mafuta machache ni chakula cha mwanafunzi yeyote, na tumbo hili hukipokea.

Ujanja wa jikoni

Sukari ya kitunguu huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hivyo ukipika chumbani kwako, kaanga vipande vikubwa vya kitunguu au saumu kwenye mafuta, kisha vitoe vyote kabla ya kutia nyanya au maji. Harufu na ladha hubaki. Maharagwe na mbaazi, ziloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya, nayo uyamwage, kisha ule kidogo. Tui la nazi litie jepesi, kwa sababu mafuta mengi nayo huchokoza tumbo.

Kibandani huna mamlaka ya sufuria, lakini una mdomo. Mwambie mama, "Nipakulie wali na samaki, mchuzi kidogo tu, pilipili usiweke." Hakuna mama atakayekataa. Viazi karai na bajia zenye mafuta yanayochuruzika, ukwaju na pilipili, ziwe za siku moja moja, tena si asubuhi ya mtihani.

Saa na vinywaji

Kula kwa saa zile zile kila siku, kidogo kidogo, na utafune polepole. Kukaa tangu asubuhi hadi jioni bila kitu kisha kujaza sahani mbili ni kulitesa tumbo. Beba yai la kuchemsha au ndizi kwenye begi. Kunywa maji ya kutosha. Chai na kahawa zisizidi vikombe 3 kwa siku, na strungi ya tangawizi ni bora kuliko chai ya maziwa. Soda na chingamu zisizo na sukari huongeza gesi. Wanaokesha na muguka wajue kwamba huua hamu ya kula, na mpango wote huu ukavurugika.

Anayefunga choo anaweza kujaribu isabgol, ambayo hupatikana maduka ya dawa. Aanze na kidogo, na anywe maji mengi.

Daftari la wiki chache

Usikatae vyakula vyote maisha yako yote. Punguza wachokozi kwa wiki 4 hadi 6, huku ukiandika ulichokula, saa, na jinsi tumbo lilivyokuwa. Ukipata nafuu, rudisha kimoja kimoja, siku 3 kwa kila kimoja. Huenda ukagundua maziwa ndiyo adui na mbaazi hazina neno. Usipopata nafuu, rudi kwenye chakula chako cha kawaida na umuone daktari au mtaalamu wa lishe, kwa sababu kujinyima bila faida ni hasara ya mwili.

Ramadhani

Wengi huniuliza kuhusu mwezi mtukufu. Usiache daku, wali na yai vitakushika. Wakati wa kufuturu, tende moja na maji vinatosha kufungulia, kisha swali, ndipo ule chakula chepesi. Kaimati, sambusa na viazi vya nazi kwa mkupuo mmoja ndivyo vinavyomlaza mtu tarawehe. Ukizidiwa, dini imempa mgonjwa ruhusa. Muulize daktari na shekhe wako.

Mwisho, sema. Mwambie mwenzako wa chumba, na umwambie mhadhiri kwamba utakaa karibu na mlango. Zahanati ya chuo wamewaona wengi kama wewe. Mzazi naye akisikia mwanawe anaacha kula, asimwambie anadeka. Amuulize amekula nini, saa ngapi, na kama pesa za chakula zinamtosha.