Mvukuto wa Kamera: Jina kwa Mhunzi, Viungo kwa Fundi Cherehani

Anayefufua kamera ya mbao ya zamani hapati shida kutaja viungo vyake kwa Kiswahili. Lenzi ipo, bawaba ipo, skrubu ipo, kioo kipo. Kinachomkwamisha ni kile kiungo kinachoonekana kuliko vyote: mfuko mrefu uliokunjwakunjwa, unaounganisha ubao wa mbele wenye lenzi na mgongo wenye filamu. Ukiuita “mfuko” tu, hujausema. Ukiuita “kodiani”, msikilizaji atangoja muziki. Makala hii inapendekeza uitwe mvukuto, na inaeleza kwa nini jina hilo linafaa hata kwa chombo kisichopuliza moto wowote.

Kwanza kazi yake. Kamera ya umbo kubwa hutumia bamba moja la filamu, la inchi 4 kwa 5 au zaidi, kwa kila picha. Lenzi zake nyingi hazina pete ya kulengea. Ili kitu kionekane bayana, mpiga picha husogeza ubao wa lenzi mbele au nyuma huku akitazama taswira iliyopinduka kwenye kioo cha ukungu. Anaweza pia kuinua ubao huo au kuuinamisha, kwa mfano anapotaka kuta za jengo refu zisimame wima pichani. Mvukuto ndio unaoruhusu yote hayo, na wakati huohuo unazuia mwanga usipenye ila kwa njia ya lenzi. Unanyumbulika na unaziba. Ukishindwa moja, kamera imekufa.

Kamera za mwanzo hazikuwa nao. Zilikuwa masanduku mawili, moja likiteleza ndani ya jingine, mzigo mzito kwa msafiri. Mwaka 1839, mwaka uleule ufundi wa Daguerre ulipotangazwa Paris, Mfaransa Pierre-Armand Séguier alionyesha kamera nyepesi yenye mvukuto. Mwaka 1857 msanifu majengo wa Scotland, C. G. H. Kinnear, alileta mvukuto mpana nyuma na mwembamba mbele. Kwa umbo hilo, kila mkunjo huingia ndani ya ule wa nyuma yake badala ya kuulalia juu, na kamera nzima hufungika ikawa bapa. Kamera nyingi za mahogani na shaba zinazofufuliwa leo, kama za Thornton-Pickard wa Altrincham karibu na Manchester, zimerithi wazo hilo. Ndiyo zama za sahani za kioo zilizotumika kabla ya filamu, zama zilizotupatia pia picha za Zanzibar za studio ya A. C. Gomes mwishoni mwa karne ya 19.

Lugha zilizokiita kiungo hiki mapema zilipita njia mbili. Wafaransa walikitazama kazi yake: *soufflet*, kutoka kitenzi cha kupuliza. Wajerumani walikitazama asili yake: *Balgen*, kutoka neno la ngozi ya mnyama iliyochunwa. Kiswahili kina njia zote mbili tayari, na zote zinatoka kwa mhunzi. Iko kiriba, mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, ambao wasomaji wa Injili wanaujua kwa mfano wa divai mpya; mhunzi naye huvuvia moto kwa viriba. Na uko mvukuto, kutoka kitenzi vukuta, yaani kuchochea moto kwa upepo wa chombo hicho.

Kiriba kina sifa moja nzuri: kisipovuja ndipo kina thamani, na mvukuto wa kamera ni hivyohivyo, ila unazuia mwanga badala ya maji. Lakini kiriba kinafungamana na ngozi. Mivukuto mingi inayotengenezwa sasa ni ya kitambaa cha sintetiki kilichopakwa mpira. Jina lililofungwa kwenye malighafi huzeeka malighafi inapobadilika. Jina la kazi hudumu.

Mpinzani atasema: basi kazi yenyewe haipo, kwa kuwa kamera haivukuti. Inavukuta. Vuta ubao wa lenzi kwa haraka, nafasi ya ndani itapanuka na hewa itafyonzwa kupitia kila mwanya. Vumbi litaingia nayo na kutua kwenye filamu, kisha litaonekana kama madoa kwenye picha. Mvukuto mpya usiovuja hufyonza kwa nguvu zaidi, hata mikunjo ikaingia ndani na kukata pembe za taswira. Ndiyo maana mpiga picha mzoefu hufungua kamera polepole na kusubiri kidogo kabla ya kuchomoa kifuniko cha kasha la filamu. Anayejua maana ya kuvukuta hahitaji kuelezwa mara mbili sababu ya tahadhari hiyo.

Kuhusu umoja na wingi: kwa mhunzi tumezoea kusikia mivukuto, kwa sababu hutumia miwili kwa zamu ili upepo usikatike. Kamera ina mmoja. Tuseme mvukuto wa kamera, mivukuto ya kamera mbili.

Jina la chombo kizima likishapatikana, viungo vyake vinataka majina, na hapa mhunzi hatusaidii. Mifuko yake ya ngozi mara nyingi haina mikunjo iliyopangwa. Tumwendee fundi cherehani. Mikunjo inayofuatana kwa vipimo sawa anaiita marinda, na kila aliyevaa sketi ya shule anaifahamu. Kitambaa cheusi cha ndani ni bitana. Vipande vya kadi ngumu vilivyobanwa kati ya ngozi na bitana, vinavyolifanya kila rinda lisimame, naweza kuviita mbavu. Mvukuto basi una tabaka tatu: ngozi au kitambaa cha nje, mbavu, na bitana. Kwenye pembe mbavu hazifiki. Huachwa mwanya mwembamba ili rinda lipate pa kupindia.

Majina haya yanafaa hasa wakati wa ukarabati. Mvukuto wa miaka mia moja hupasuka kwanza kwenye pembe za marinda, kwa sababu hapo ngozi hupinda pande mbili kwa wakati mmoja. Kuukagua, ingia chumba cha giza, weka tochi ndani ya kamera, uvute mvukuto hadi mwisho, kisha uzunguke ukitia alama ya chaki penye kila nukta ya mwanga. Matundu machache huzibwa kwa rangi nzito nyeusi inayonyumbulika ikikauka, au kwa viraka vya ngozi iliyopunguzwa unene hadi ikaribie karatasi. Kosa la kawaida ni kubandika utepe mnene: marinda hayalaliani tena, na kamera iliyofungika bapa kwa karne nzima inagoma kufunga. Pembe zote zikivuja, viraka ni kupoteza muda; shona mpya.

Kushona mpya si ajabu kwa fundi mwenye mkono wa kazi za ngozi. Kabla ya kubandua mvukuto wa zamani, pima mdomo mpana, mdomo mwembamba, idadi ya marinda na urefu wake ukivutwa. Urefu mpya uzidi kidogo ule ambao reli za kamera zinaruhusu, kwa maana mvukuto ulionyooka kabisa hung'oka kwenye fremu. Chora mbavu kwenye kadi, zigundishe kwenye bitana, funika kwa ngozi, kisha kunja rinda moja baada ya jingine gundi ikiwa bado laini, na uuache chini ya uzito hadi ukauke.

Baada ya kufufua huja kurekebisha kwa matumizi ya leo. Kamera nyingi za Uingereza zilipokea sahani za nusu, inchi 4¾ kwa 6½, ambazo filamu yake ni adimu. Dawa iliyozoeleka ni kutengeneza mgongo mpya wa mbao unaopokea kasha la filamu la inchi 4 kwa 5. Katika kasha hilo filamu hulala inchi 0.197 ndani, yaani milimita 5 hivi, na uso uliokwaruzwa wa kioo cha ukungu lazima ukae kina hichohicho. Ukikosea hata milimita moja, utakachokilenga siyo kitakachotoka bayana.

Wakati wa kupiga picha, istilahi moja zaidi inahitajika. Kadiri mvukuto unavyorefuka, mwanga unaofika kwenye filamu hupungua, na muda wa kuupokea lazima uongezwe. Kiasi cha kuongeza nakiita kizidisho cha mvukuto. Hupatikana kwa kugawa urefu kutoka lenzi hadi filamu kwa urefu wa fokasi, kisha kuzidisha jibu kwa lenyewe. Lenzi ya milimita 150 ikitazama mlima wa mbali hukaa milimita 150 kutoka filamu, na kizidisho ni 1. Ukipiga ua kwa ukubwa wake halisi, mvukuto hufika milimita 300. 300 kwa 150 ni 2, na 2 mara 2 ni 4. Picha iliyotaka sekunde moja sasa inataka nne. Jedwali dogo la vizidisho likibandikwa ubavuni mwa kamera litaokoa filamu nyingi.

Kwa hiyo pendekezo ni hili: mvukuto kwa chombo kizima, marinda, mbavu na bitana kwa viungo vyake, kizidisho cha mvukuto kwa hesabu yake. Hakuna hata neno moja hapo lililobuniwa upya. Mengi yako midomoni mwa mafundi wetu. Waandishi na walimu wa upigaji picha wayatumie bila kuyawekea alama za mtajo, na anayeagiza kazi kwa fundi wa ngozi amwambie moja kwa moja: nishonee mvukuto wa marinda, wenye bitana nyeusi.