Udongo mwekundu wa Voi na weusi wa raku

Wasomaji wangu, leo tuweke kompyuta pembeni. Ukipita Voi utaona ardhi nyekundu; hata ndovu wa Tsavo huvaa rangi hiyo. Ni kutu ya chuma. Udongo wa ufinyanzi wenye chuma ukichomwa kwa hewa tele hubaki mwekundu. Ukinyimwa oksijeni hugeuka mweusi.

Raku ilianza Kyoto, Japani, karne ya 16, kwa mfinyanzi Chojiro: chombo hutolewa tanurini kikiwaka. Mwaka 1960 Mmarekani Paul Soldner alikitia kwenye majani, kikala moshi. Mkenya Magdalene Odundo, aliyejifunza Nigeria mwaka 1974, huchoma mara ya pili kwa hewa haba kupata weusi.

Programu ni ile ile. Ingizo lililobadilika ni hewa. Kabla ya kuagiza rangi ng'ambo, tuujaribu udongo wetu.