Jinsi difu ya kudhibiti mtelezo inavyolinasua gari

DEREVA aliyewahi kukwama katika udongo mweusi wakati wa masika anaifahamu ajabu hii: gurudumu moja la nyuma huzunguka kwa kasi na kurusha matope, ilhali mwenzake, lililokanyaga ardhi ngumu, limetulia tuli. Injini yanguruma, gari haliendi.

Chanzo ni difu, mtambo wa gia unaogawa nguvu za injini kwa magurudumu mawili. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Iwapo magurudumu hayo yametengana kwa mita 1.5, kona ya nyuzi 90 huleta tofauti ya karibu mita 2.4. Difu huliruhusu kila gurudumu kuzunguka kwa kasi yake.

Hata hivyo, difu ya kawaida huyapa yote mawili nguvu sawa ya kuzungusha. Mathalani, ikiwa gurudumu lililo matopeni laweza kupokea nyutonimita 50 pekee kabla ya kuteleza, lile lenye mshiko nalo hupata 50 tu. Jumla ni 100, na huenda zisitoshe kulisukuma gari.

Hapo ndipo difu ya kudhibiti mtelezo inapofaa. Mnamo 1935, Ferdinand Porsche aliiagiza kampuni ya ZF ya Ujerumani imbunie difu kama hiyo kwa magari ya mashindano ya Auto Union. Aina moja ina sahani za klachi zilizobanwa pamoja. Gurudumu moja likilizidi jingine kasi, msuguano wa sahani hupinga tofauti hiyo na kuhamishia nguvu kwa lile linalozunguka polepole. Aina ya Torsen hutumia msuguano wa gia zenye meno ya mshazari. Ikiwa uwiano wake ni 3 kwa 1, gurudumu lenye mshiko laweza kupata nyutonimita 150. Jumla inakuwa 200, maradufu ya awali.

Hata hivyo, difu hii haiumbi mshiko pasipo na mshiko. Katika Torsen, gurudumu likining'inia hewani, sifuri mara tatu hubaki sifuri. Kukanyaga breki kidogo huku ukiongeza mafuta husaidia, kwani breki hulipa gurudumu hilo ukinzani.

Difu ya sahani huhitaji oili maalumu iliyotajwa na mtengenezaji. Oili isiyofaa huifanya itetemeke kwenye kona na kuchakaa. Tairi za ekseli moja nazo sharti zilingane ukubwa, la sivyo difu itafanya kazi hata barabara ikiwa nyoofu.

Kubwa zaidi ni usalama. Usiliinue gurudumu moja kwa jeki kisha ukawasha injini na kutia gia. Katika difu ya kawaida, lililoinuliwa lingezunguka tu. Katika hii, lililobaki chini laweza kulisukuma gari likaanguka kutoka kwenye jeki, na kumponda fundi aliye chini yake.