Kutoka penseli hadi tembe: historia ya rola inayopima dawa

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata niwasimulie habari za kipande cha chuma ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona, ingawa kila aliyewahi kumeza tembe ya kutuliza maumivu amekitegemea. Ni rola, gurudumu zito lililo ndani ya mashine ya kutengeneza tembe.

Zamani dawa ilifinyangwa. Neno kidonge lenyewe linatuambia hivyo: ni donge dogo. Mwuza dawa alichanganya unga na kitu cha kunata, akauviringisha na kuukata, na kipimo kilitegemea mkono wake. Mabadiliko yalianza Uingereza mwaka wa 1843, tena kwenye penseli! William Brockedon, mchoraji na mwana wa fundi saa, alipata hataza ya kugandamiza unga kwa mchi wa chuma ndani ya kalibu. Alitaka grafiti nzuri ya penseli kutoka kwa vumbi lake, lakini hataza hiyo hiyo ilitaja pia vidonge vya dawa.

Njia yake ilitoa tembe moja moja. Mwaka wa 1872, Henry Bower, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya John Wyeth mjini Philadelphia, Marekani, aliunda mashine ya kuzunguka. Wazo hilo ndilo linaloendesha viwanda vya dawa hadi leo.

Fikiria meza ya duara yenye matundu 40 pembezoni. Kila tundu ni kalibu, lenye mchi wa juu na mchi wa chini. Meza ikizunguka, reli zilizopinda huinua na kushusha michi hiyo. Unga unaingia, uliozidi unafagiliwa, kisha michi miwili inapita katikati ya rola mbili, moja juu na nyingine chini. Hapo ndipo unga unapogeuka tembe.

Tupige hesabu. Tuseme michi imepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 400, na meza inazunguka mara 60 kwa dakika. Hizo ni tembe 2,400 kwa dakika, yaani 144,000 kwa saa. Mchi unakwenda karibu mita 1.26 kwa sekunde. Kichwa chake kina sehemu bapa. Ikiwa na upana wa milimita 12, inakaa chini ya rola kwa milisekunde 10 hivi tu! Ukizidisha kasi, muda huo unapungua, hewa inabanwa ndani, na tembe inaweza kubanduka sehemu ya juu kama kifuniko.

Sasa tufike kwenye kipimo. Mwaka wa 1954 Takeru Higuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha maelezo ya mashine ya tembe waliyoifunga vihisi vya kupima nguvu ya mgandamizo. Baadaye wazo hilo likahamia kwenye rola za mashine za kuzunguka. Nafasi kati ya rola mbili haibadiliki, kwa hiyo unga ukizidi, rola inasukumwa kwa nguvu zaidi. Ukipungua, nguvu inashuka. Kompyuta inasoma nguvu ya kila tembe, inarekebisha kiasi cha unga, na kuitupa nje tembe iliyokosea. Rola iliyowekwa ili kukandamiza imekuwa pia mizani.

Lakini mizani hiyo ni ya kweli tu ikiwa rola ni duara kamili na beringi zake hazijalegea. Rola ikilika upande mmoja, upande uliobaki juu unakandamiza zaidi. Tembe yenye unga pungufu ikikutana na upande huo, kihisi kinaona nguvu ya kawaida na tembe inapita. Kwa dawa ya moyo kama digoxin, ambayo kipimo cha kutibu na cha kudhuru vinakaribiana, hilo si jambo dogo.

Hapa ndipo sisi wa programu tunaingia. Katika mfano wetu, michi imeachana kwa milimita 31.4. Rola ya kipenyo cha milimita 250 ina mzingo wa milimita 785, kwa hiyo inamaliza mzunguko mmoja kila baada ya tembe 25. Nguvu ikipanda na kushuka kila tembe 25, mkague rola. Kosa likirudi kila tembe 40, tafuta mchi mmoja uliochakaa. Ukihifadhi wastani wa kila dakika peke yake, mawimbi yote mawili yanapotea na grafu inakuonyesha mstari ulionyooka, mzuri kabisa, wakati mashine inaugua.

Ndiyo maana nasema takwimu ghafi, tembe kwa tembe na kwa mpangilio wake, zihifadhiwe. Diski ni rahisi kuliko shehena ya dawa iliyorudishwa kutoka madukani.

Kama yupo fundi wa mashine hizi miongoni mwenu, karibu utoe maoni. Ningependa kujua rola huwa mnazipima kwa kifaa gani.