Habari za Adrian Atiman, Tabibu wa Karema

Tukihesabu matabibu wa zamani za ukoloni, kwa desturi twawataja Wazungu tu. Lakini kule Karema, pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, Mwafrika mmoja alitibu watu tangu mwaka 1889. Mafunzo ya udaktari ya Makerere yalianza katika miaka ya 1920. Wakati huo Adrian Atiman alikuwa amekwisha kuishika kazi yake zaidi ya miaka 30.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu. Angali mtoto aliibwa, akafanywa mtumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Mwaka 1881 Kadinali Lavigerie alifungua chuo katika kisiwa cha Malta kwa ajili ya vijana waliokombolewa namna hiyo, nao wakahudhuria masomo ya uganga katika Chuo Kikuu cha pale. Atiman alikuwa mmoja wao.

Shauri la Lavigerie lafaa kuangaliwa sana. Hakutaka vijana wale wageuke kuwa Wazungu weusi. Alitaka waujue uganga wa Ulaya, lakini kwa chakula, mavazi na nyumba wabaki Waafrika, wapate kuoa, kukaa kijijini, na kufundisha dini huku wakitibu. Wakaitwa matabibu-katekista. Alifahamu ya kuwa mgeni hupokewa kwa mashaka, bali mwenye dawa hufunguliwa mlango. Sisi twalikubali shauri hilo. Ila lilikuwa na uzito wake, maana kijana aliyesoma Ulaya miaka mingi alitakiwa kuridhika na maisha ya nyumba ya udongo. Si wengi walioweza kuuchukua mzigo huo hata mwisho.

Atiman aliondoka Malta mwaka 1888. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakaiachia Mapadri mwaka 1885. Nchi za ziwa zilikuwa zingali zikisumbuliwa na biashara ya watumwa, na misioni iliwalea watoto waliokombolewa. Na huyu tabibu aliyepelekwa kwao, naye alikuwa amepata kuuzwa.

Hapa tuseme kidogo juu ya lugha. Waalimu wengi hulikimbia neno mganga kwa sababu ya ramli na hirizi, wakaona daktari ndilo neno safi. Lakini mganga latoka katika kuganga, yaani kutibu, hata kufunga kilichovunjika. Na daktari ni neno la kigeni lililotujia pamoja na Wazungu, kama vile tabibu lilivyotujia kwa Waarabu. Kwa maoni yetu, Atiman alistahili majina yote matatu, wala hakuna hata moja lililompunguzia heshima.

Alioa huko huko Karema, na mwanawe Joseph alipewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka kama 80, naye alikuwa angali Karema. Akaishi miaka 10 tena, akafariki mwaka 1956.