Mafaili 26 "yaliyopotea" Upper Hill

Leo nina la kukiri.

Ofisi moja hapa Upper Hill ilitaka kuhesabu mafaili kwa redio: kila faili libandikwe lebo ya RFID, kisomaji kipitishwe mbele ya rafu, hesabu itoke. Programu niliandika mimi. Mafaili yalikuwa 240, mashine ikasema 214. Mzee wa stoo akaitwa aeleze 26 yamekwenda wapi. Akanigeukia: "Kijana, mafaili yapo. Mashine yako ndiyo kiziwi." Tukahesabu kwa mkono. 240.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko mimi. Lebo hazisikiani, kisomaji kikiuliza "nani yupo?" hujibu zote kwa mpigo, kama makanga wakigombea abiria. Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii alikutana na jambo hilohilo alipounganisha kompyuta za visiwani kwa redio. Dawa yake ya 1970 iliitwa ALOHA: sema, mkigongana subiri kidogo kwa kubahatisha, sema tena. Rahisi sana, ila ni asilimia 18.4 tu ya muda inayofaa kitu. Mwaka 1972 Lawrence Roberts akakata muda vipande sawa, kila mtu aanze mwanzo wa kipande, ikapanda hadi 36.8. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Capetanakis wa MIT akaleta njia ya mti: waliogongana wagawanywe mafungu, na mafungu yagawanywe tena, mpaka abaki mmoja.

Koo zote mbili ziko hai. Kadi za kugusisha za ISO 14443 aina A hufuata mti, biti kwa biti. Aina B hufuata vipande. Mnaikumbuka BebaPay, kadi ya matatu ya Google na benki ya Equity, jirani zetu hapa Upper Hill? Ilianza 2013, ikafa 2015, na mgongano si uliyoiua. Kanga aligusisha kadi moja moja.

Rafu ni habari nyingine. Lebo zake zilikuwa za Gen2, kiwango cha 2004, ambacho ni ALOHA ya vipande: kisomaji hutangaza namba Q, na vipande vinakuwa 2 kwa kipeo cha Q. Vikikaribiana na idadi ya lebo, mambo ni shwari. Kisomaji kinaweza kuirekebisha Q chenyewe, lakini mimi niliifunga kwenye 6, yaani vipande 64, kwa sababu nyumbani nilijaribu na lebo 50 na zikasomwa zote. Kwa lebo 240, raundi ya kwanza husikika kama 6 tu. Q ingekuwa 8, zingesikika kama 94. Juu ya hayo niliweka kikomo cha muda, kikakata kabla zote hazijasikika.

Nimeifungua Q na kuondoa kikomo. Juzi mashine ilisoma 240 mara tano mfululizo. Mzee alisimama pembeni na daftari lake, akahesabu kwa mkono vilevile, na sikumlaumu.